Kumwandaa Mwalimu wa Shule ya Msingi Kukuza Ubunifu kwa Njia ya Sanaa: Tafakari kutoka Buger, Karatu

Utangulizi

Mtu akipita Buger, katika wilaya ya Karatu, upande wa msitu wa Marang, wakati mvua zimekwisha kuilainisha ardhi, atawakuta watoto wameketi kando ya njia wakifinyanga ng'ombe wa udongo. Hawaishii kufinyanga tu. Huwafunga ng'ombe wao nira ya kijiti, huwafungia plau ya bua la mhindi, kisha hulima nao shamba lenye ukubwa wa kiganja. Pembe za fahali wa mtoto mmoja hazifanani na za fahali wa mwenzake, kwa maana kila mmoja amemtazama ng'ombe wa nyumbani kwao, naye anamjua kwa jina. Kengele ya shule ikilia, watoto hao hao huwaacha ng'ombe wao kando ya ukuta, huingia darasani, na kama siku hiyo kuna kipindi cha uchoraji, aghalabu hunakili kutoka ubaoni picha moja ya kikombe ambayo mwalimu ameichora. Picha sitini za kikombe kimoja hukusanywa, husahihishwa, na kurudishwa.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi mwalimu wa shule ya msingi anavyoweza kuandaliwa ili umbali uliopo kati ya ukuta wa nje na dawati la ndani upungue. Hoja yake ni moja: mwalimu hawezi kuamsha kwa mtoto kitu ambacho hakikuamshwa kwake mwenyewe. Kwa hiyo maandalizi ya mwalimu hapana budi yaanze kwa kumfanya yeye kuwa mtu anayebuni, kabla ya kumpa maelekezo ya kufundisha ubunifu.

Msomaji aweza kuuliza kwa nini jambo hili liandikwe katika jarida la theolojia. Sababu ni tatu. Kwanza, wachungaji na wainjilisti wetu huingia katika shule za msingi kufundisha kipindi cha Dini, nao ni walimu huko, wapende wasipende. Pili, Shule ya Jumapili na mafundisho ya Kipaimara hufuata desturi zile zile za kunakili na kukariri. Tatu, watoto wanaozoezwa kunakili ndio wanaokuja chuoni baadaye, nasi hushangaa kwamba hawawezi kutunga hubiri bila kuazima la mtu mwingine.

1. Maana ya ubunifu

Kuumba pasipo kitu ni kazi ya Mungu peke yake. Ubunifu wa binadamu ni kuvichukua vitu vilivyokwisha kuwapo, yaani udongo, sauti, maneno, rangi na mwendo wa mwili, na kuvipanga upya hata kipatikane kitu ambacho hakikuwapo na ambacho kinafaa. Sehemu zote mbili za maelezo haya zina uzito. Kitu kipya kisichofaa ni kubahatisha, na kitu kinachofaa lakini si kipya ni kunakili. Kunakili kuna mahali pake, maana hakuna mtoto aliyejifunza kusema pasipo kuiga. Lakini mafunzo yanayoishia hapo humwacha mwanafunzi njiani.

Katika Mwanzo 2:19 tunasoma jambo la ajabu. Mungu anawaleta wanyama mbele ya Adamu ili aone atawaitaje. Mungu, ajuaye yote, anasubiri kusikia jina ambalo kiumbe wake atalichagua, na jina hilo linakubaliwa. Hapa tunaona kwamba uhuru wa kubuni si uasi wa mwanadamu dhidi ya Muumba wake, bali ni sehemu ya kazi aliyokabidhiwa.

Sanaa ina nafasi ya pekee katika kukuza uwezo huo. Katika zoezi la kujumlisha, watoto sitini wakipata jibu sahihi wote watakuwa wamepata jibu lile lile. Katika kutunga wimbo au kufinyanga mnyama, watoto sitini waweza kuleta majibu sitini yaliyo sahihi. Mtoto hujifunza kwamba uamuzi wake una thamani. Na akiulizwa kwa nini ameamua hivyo, hujifunza kwamba uamuzi huo una wajibu. Mtu aliyejifunza mambo hayo mawili akiwa na miaka tisa atayatumia hata katika hesabu, katika kilimo na katika mkutano wa kijiji.

2. Bezaleli na mapokeo yetu ya Kilutheri

Katika Kutoka 31 tunamkuta Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, akijazwa roho ya Mungu, naye anapewa hekima, maarifa na ujuzi wa kazi za dhahabu, fedha, shaba, mawe na miti. Wahubiri wengi hulitaja fungu hili wanapozungumza juu ya vipawa. Fungu linalosahauliwa ni Kutoka 35:34, linaloongeza kwamba Mungu alitia moyoni mwa Bezaleli uwezo wa kufundisha, yeye pamoja na Oholiabu wa kabila la Dani. Fundi huyu alikuwa pia mwalimu wa mafundi, na uwezo wake wa kufundisha unatajwa kuwa karama mbali na ule wa kutengeneza. Lakini mpangilio wa maneno una somo: alijua kutengeneza kwanza, ndipo akafundisha. Maskani haikujengwa na watu waliosikia habari za ufundi tu.

Martin Luther hakuwa mbali na fikra hii. Katika barua yake ya 1524 kwa madiwani wa miji ya Ujerumani, alipowahimiza wafungue shule, alisema kwamba kama angekuwa na watoto angetaka wajifunze, pamoja na lugha na historia, pia kuimba, muziki na hisabati. Katika mazungumzo yake ya mezani alitaka mwalimu wa shule awe mtu anayejua kuimba, na asiyejua hakumhesabu kuwa mwalimu. Tena katika Katekisimo Ndogo, anapoeleza Kanuni ya Imani sehemu ya kwanza, anayataja macho, masikio, viungo, akili na fahamu zote kuwa ni vipawa alivyopewa na Mungu na ambavyo Mungu anavitunza. Elimu inayotumia masikio ya kusikiliza na mkono wa kunakili peke yake imeviacha vipawa vingine vyote vilivyotajwa hapo vikilala.

Mapokeo haya yalizaa matunda katika nchi yetu. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, wakati huo mwanafunzi wa theolojia huko Makumira, alitunga wimbo wa Pasaka Mfurahini, Haleluya kwa tuni ya Kihaya. Howard Olson, mwalimu wa chuo hicho, alikusanya nyimbo za tuni za Kiafrika katika kitabu Tumshangilie Mungu, akautafsiri wimbo wa Kyamanywa kwa Kiingereza, na leo unaimbwa na makanisa katika mabara mengi. Jambo la kuzingatia ni kwamba mwanafunzi alikuta mahali ambapo kazi yake ilipokelewa, na mwalimu ambaye mwenyewe alishughulika na nyimbo. Mwalimu asiyejali sauti ya nyumbani asingeisikia.

3. Njia tuliyopita kama taifa

Tarehe 10 Desemba 1962, alipolihutubia Bunge baada ya nchi kuwa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alisikitika kwamba vijana waliosoma walifundishwa dansi za kigeni lakini hawakufundishwa ngoma za watu wao, naye akatangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, aliilaumu elimu ya kikoloni kwa kuegemea vitabu na mitihani, akataka shule imjengee mtoto akili ya kuuliza, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kujiamini.

Nia hiyo ilikuwa njema, lakini utekelezaji wake ulikutana na wingi wa watoto na uchache wa walimu. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, Elimu ya Msingi kwa Wote ilianza kutekelezwa kwa nguvu mwaka 1977, na maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba waliandaliwa kuwa walimu huku wakifundisha vijijini, kwa msaada wa masomo ya posta na redio. Wengi wao walijitoa kwa moyo mkuu, na mimi ni mmoja wa waliojifunza kusoma chini ya mikono yao. Si haki kuwalaumu. Lakini mtu anayeandaliwa haraka hufundisha kama alivyofundishwa, naye alifundishwa kunakili.

Mtaala wa 2005 uliiweka sanaa ndani ya masomo ya Stadi za Kazi na Haiba na Michezo. Masomo hayo hayakuwa katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, na kila aliyewahi kufundisha anajua kipindi kisichotahiniwa hugeuka kuwa nini muhula wa mwisho ukikaribia. Kisha likaja badiliko kubwa. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, na mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024, Sanaa na Michezo limekuwa somo linalosimama lenyewe katika shule ya msingi.

Mlango umefunguliwa, basi. Lakini somo jipya katika ratiba si mwalimu mpya darasani. Nchi yetu ina vyuo kama Butimba, Mwanza, kinachojulikana kwa kuandaa walimu wa sanaa, muziki na michezo. Lakini mwalimu wa kawaida wa darasa la tatu katika shule ya kijijini hakupita huko. Amepewa muhtasari wa somo ambalo yeye mwenyewe, tangu utoto wake, hakupata kulifundishwa.

4. Buger na hazina yake

Wenyeji wengi wa Buger ni Wairaqw, ambao baba na babu zao walienea katika nyanda za Karatu wakitoka milima ya Mbulu. Watu hawa hawakuwa bila sanaa. Wana slufay, yaani maneno ya baraka yanayosemwa kwa mpangilio wa kishairi na mzee mwenye kipaji mbele ya mkutano, akiomba amani, mvua, uzao wa watu na mifugo, na kuondolewa kwa maradhi, huku waliohudhuria wakiitikia kwa pamoja. Msemaji wa slufay ana hazina ya taswira alizorithi, lakini huzipanga kwa kufaa tukio lililo mbele yake. Huo ndio ubunifu kwa maana tuliyoitoa hapo juu: urithi unaopangwa upya ili ufae. Wanawake wa Kiiraqw walijulikana kwa sketi za ngozi zilizopambwa kwa shanga, na ufundi huo ulihusiana na marmo, unyago wa wasichana uliokoma zamani za ukoloni. Katika wilaya hiyo hiyo, kwenye bonde la ziwa Eyasi, wahunzi wa Kidatoga huyeyusha makufuli na mabomba mabovu na kuyageuza kuwa bangili na vichwa vya mishale.

Lazima tukiri kwamba Kanisa halikuitazama hazina hii kwa jicho jema siku zote. Wapo wamisionari kama Bruno Gutmann, aliyefanya kazi miongoni mwa Wachagga kuanzia 1902 na kuziheshimu taratibu zao. Lakini katika sehemu nyingi ngoma ilikatazwa kwa jumla, bila kuchambua kilichokuwa ibada ya mizimu na kilichokuwa furaha ya mavuno. Wala kosa hili si la wageni tu. Mimi nilitenda langu.

Nilipokuwa mchungaji kijana, kabla ya kuja kufundisha chuoni, nilihudumu katika usharika mmoja wenye Wairaqw wengi. Jumamosi moja niliwapa watoto wa Kipaimara karatasi, nikawaambia wachore mfano wa mwana mpotevu. Msichana mmoja alichora nyumba ya tembe, zizi, na kijana mwenye shati lililochanika akija njiani. Mlangoni alisimama mwanamke ameweka mkono juu ya macho kukinga jua. Baba alikuwa zizini, amegeuza mgongo. Nikamwuliza mwanamke huyo ni nani. Akanijibu, "Ni mama yake, Baba Mchungaji. Yeye ndiye aliyemwona kwanza." Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba Biblia haimtaji mama, nikamwagiza afute. Akafuta. Tangu siku ile aliniletea picha alizozinakili kutoka kitabu cha Shule ya Jumapili. Zilikuwa safi, wala hakuna kosa nililoweza kulionyesha ndani yake.

Miaka ilipita ndipo nikajifunza kwamba wazee wa Kiiraqw walimtaja Muumba kwa jina Looaa, nao walimnena kwa namna ya mama. Sisemi kwamba mtoto yule aliyajua hayo. Huenda alimjua tu mama yake mwenyewe, kama alivyomjua nabii aliyeandika katika Isaya 66:13 juu ya Mungu afarijiye kama mama. Wala sisemi kwamba mchungaji asiulinde ujumbe wa Injili. Katika Luka 15 ni baba anayekimbia, na kukimbia kwake ndiko habari njema. Kosa langu lilikuwa kufunga mlango kabla ya kuuliza. Ningalimwuliza swali moja, "Baba alipogeuka alifanya nini?", yule mtoto angalilichora Injili lote kwa mkono wake. Nilikuwa na shahada ya theolojia, lakini hakuna mtu aliyenifundisha namna ya kuitazama picha ya mtoto.

5. Jinsi ya kumwandaa mwalimu

Kutokana na hayo, napendekeza mambo matano, ambayo yanafaa kwa mwalimu tarajali chuoni, kwa mwalimu aliye kazini, na kwa mwalimu wa Shule ya Jumapili.

(a) Mwalimu afanye kwa mikono yake. Kila juma mwalimu tarajali afinyange, achore, atunge ubeti au aigize, na aweke daftari la kazi zake pamoja na zile zilizoshindikana. Mtu mzima anayejaribu kufinyanga mbuzi mbele ya wenzake huona haya, na haya hiyo ndiyo somo la kwanza: sasa anajua mtoto anavyojisikia. Asiyewahi kuogopa karatasi tupu hatakuwa na subira na anayeiogopa.

(b) Mwalimu ajifunze mbinu halisi. Wengine hudhani ubunifu ni kumwacha mtoto afanye apendavyo. Huko ni kumtupa. Udongo una sheria zake: huchaguliwa mawe, hukandwa hata hewa itoke, na hufunikwa kwa kitambaa kibichi usikauke. Pembe ikipachikwa juu tu itadondoka. Hapana budi kukwaruza sehemu zote mbili kwa kijiti, kupaka uji wa udongo, ndipo kuziunganisha. Kazi hukaushwa kivulini polepole kwa siku kadhaa, la sivyo jua litaipasua. Mtoto aliyefundishwa hayo ana uhuru zaidi kuliko asiyefundishwa, kwa sababu wazo lake litasimama.

(c) Mwalimu ajifunze kutoa kazi iliyo wazi. Tofauti kati ya kunakili na kubuni aghalabu imo katika sentensi moja ya mwalimu. "Chora nyumba hii" huleta picha sitini zinazofanana. "Chora nyumba ambayo ungependa mgeni aikute akifika usiku" humlazimu mtoto kufikiri juu ya mgeni, mwanga, mlango na mbwa. Katika somo la ng'ombe wa udongo, mwalimu asiweke mfano mezani. Awaambie watoto wafumbe macho na kumkumbuka mnyama mmoja wa nyumbani: amesimama au amelala, amechoka au amekasirika, kichwa amekielekeza wapi? Kisha wafinyange.

(d) Mwalimu ajifunze kutazama na kuitikia. Kazi zikimalizika zipangwe chini kwa mstari, watoto wapite kimya wakizitazama, ndipo mazungumzo yaanze. Maswali matatu yatosha: Unaona nini? Ulifanyaje? Ukifanya tena, utabadili nini? Maneno "umekosea" yatumike kwa mbinu tu, kama pembe iliyodondoka, na yasitumike kwa wazo. Tathmini nayo ifuate njia hiyo. Mwalimu aandike kama mtoto ametazama kwa makini, kama amejaribu zaidi ya njia moja, kama ametumia mbinu aliyofundishwa, na kama aweza kueleza alichochagua. Mambo hayo hupimika, na mthibiti ubora wa shule akija ataonyeshwa.

(e) Mwalimu ajifunze kuwatumia wenyeji. Mzee anayejua kunena mbele ya mkutano, mama anayeshona shanga, fundi anayechonga mipini ya majembe, hao ni walimu. Mwalimu aliyetoka mkoa mwingine, asiyejua Kiiraqw, asijione hana la kufundisha. Yeye ndiye mwandaaji, nao ni chemchemi. Watoto wakimsikia mzee akinena, waombwe kutunga maneno yao ya baraka kwa Kiswahili, mmoja akiongoza na darasa zima likiitikia: baraka kwa shule, kwa mwenzao anayeugua, kwa mvua iliyochelewa.

Kwa walimu walio kazini, njia imekwisha kuwekwa. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, huwataka walimu wa shule moja wakutane na kujifunza pamoja. Kikao kimoja cha namna hiyo, walimu wakiwa na udongo mikononi badala ya daftari, chaweza kuzaa zaidi ya hotuba nyingi.

6. Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza ni umaskini wa vifaa. Watu husema, "Hatuna rangi, hatuna karatasi." Lakini Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972 na ambaye jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao za dari. Buger ina udongo mwekundu, mkaa, mabua, magunzi, vibuyu na majani. Rangi ya udongo ikichanganywa na uji mwepesi wa unga hushika vizuri juu ya ubao na juu ya karatasi kuukuu.

Pingamizi la pili ni wingi wa watoto. Kweli, darasa la watoto wengi katika kipindi cha dakika 40 ni mzigo. Lakini sanaa za mwafrika zilizaliwa kwenye mikutano mikubwa. Mwito na mwitikio ni ufundi wa umati. Darasa ligawanywe katika vikundi vya watoto saba au wanane, kila kikundi kitunge onyesho fupi, na vikundi viwili au vitatu vionyeshe kila kipindi. Wasomi wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Amandina Lihamba na Penina Mlama, walionyesha mwaka 1996 kwa mradi wa TUSEME katika shule za sekondari jinsi wasichana wanavyoweza kuchunguza matatizo yao wenyewe, kuyaigiza na kuyatafutia ufumbuzi. Waliokuwa kimya walipata sauti. Hili lapasa kutugusa sisi tunaohubiri juu ya Mungu asikiaye kilio cha wanyonge.

Pingamizi la tatu ni la Kikristo, nalo ni zito zaidi: je, kwa kuwaalika wazee na slufay zao hatutarudisha mambo tuliyoyaacha? Zipo slufay zinazowataja Neetlangw, roho wa ardhini na majini wanaoogopwa, na mchungaji hawezi kujifanya haoni. Isaya 44 humcheka fundi anayekata mti, nusu akiwasha moto na nusu akiifanya mungu. Lakini tuangalie vema: nabii halaumu patasi wala mti. Analaumu kupiga magoti. Ujuzi ni kipawa cha Muumba, ibada ni jambo la kuamua unamtegemea nani. Mtume anatuagiza katika 1 Wathesalonike 5:21 tujaribu mambo yote na kulishika lililo jema. Na asiyelitazama jambo hawezi kulijaribu. Mchungaji akae na mwalimu na mzee kabla ya kipindi, wakubaliane ni sehemu zipi zifundishwe kama ufundi wa maneno. Mazungumzo hayo yenyewe yatakuwa ushuhuda kuliko marufuku.

7. Wajibu wa Kanisa na wa vyuo vyetu

Sheria ya Elimu ya 1969 ilipoziweka shule za mashirika chini ya Serikali, Kanisa lilipoteza majengo na mamlaka, lakini halikupoteza wito wa kulea. Leo usharika wa kijijini una vitu ambavyo shule ya msingi haina: kwaya yenye mwalimu wake, jengo lililo wazi siku za juma, na wazee wanaoheshimika. Mwalimu wa kwaya aweza kumsaidia mwalimu wa Sanaa na Michezo mara mbili kwa muhula. Hata hivyo kwaya nazo zijichunguze. Kwaya inayotumia mwaka mzima kuiga nyimbo za kwaya mashuhuri, pamoja na mavazi na mikono yao, itawafundisha watoto kunakili kwa sauti.

Vyuo vya theolojia pia vina deni. Mwanafunzi wetu hujifunza Kigiriki, historia ya Kanisa na Dogmatiki, na ni vema. Lakini atakapopangiwa kituo, juma la kwanza ataombwa kufundisha watoto. Napendekeza kila mwanafunzi, kabla ya kupelekwa kwenye mazoezi ya usharikani, ajifunze walau kutunga wimbo mfupi wa fundisho moja la Katekisimo, kuandaa igizo la mfano mmoja wa Yesu, na kuitazama kazi ya mtoto kwa kuuliza kabla ya kuhukumu. Hilo la tatu ndilo gumu kuliko yote, nami nashuhudia.

Hitimisho

Tumeona kwamba ubunifu ni kazi ambayo Muumba amemkabidhi mwanadamu. Kwamba Bezaleli alipewa kutengeneza na kufundisha. Kwamba nchi yetu imeitamani elimu ya namna hii tangu 1962, na sasa imeipa nafasi katika ratiba. Na kwamba kinachopungua ni mwalimu ambaye mikono yake imekwisha kugusa udongo. Maandalizi hayo hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji muda, unyenyekevu wa kukubali kushindwa mbele ya wenzetu, na tabia ya kuuliza.

Yule msichana wa Kipaimara sasa ni mtu mzima. Sijui kama anachora. Namwomba Mungu kwamba, kama ana watoto, wawe wamempata mwalimu atakayeitazama picha yao na kusema, "Nieleze." Na kama mwalimu huyo atakuwa mmoja wa wanaosoma makala hii, kazi ya kuiandika haikuwa bure.